Kiporo cha Jumba la Mabwana: Tamthilia Iliyoisha Irudi, Igeuke Filamu, Irithiwe na Watoto au Iachwe?

Kwetu Pasua, hapa Moshi, Jumapili baada ya ibada sebule huwa na watu sita na rimoti moja. Tangu filamu ya tatu ya Downton Abbey, tamthilia ya Kiingereza ya mabwana na watumishi wa jumba moja, itoke Septemba 2025, jina lake lenyewe likisema ndiyo ya kufunga, ubishi haujapoa. Mama mdogo, mwalimu mstaafu, anataka tamthilia irudi kwenye televisheni kama zamani, msimu mzima. Dada yangu muuguzi anasema filamu moja moja zinatosha. Shemeji hajawahi kumaliza hata msimu mmoja wa hao Waingereza, ila ukoo wa Ertuğrul, wa tamthilia ya Kituruki, anaujua kuliko ukoo wake wa Kibosho. Yeye anasema hadithi wapewe watoto waiendeleze. Mimi nikisema iachwe ipumzike, naambiwa niende jikoni nikaangalie ndizi.

Ulinganisho huu ni wa aliyekwama katikati kama sisi. Vifo vya wahusika vitatajwa, kwa hiyo kama bado unatazama, malizia kwanza.

Nimeiita kiporo kwa sababu kiporo si kitu kimoja. Maharage ya jana yana utamu ambao ya leo hayajaupata. Wali wa jana ukipashwa asubuhi na chai, hakuna wa kulalamika. Lakini chipsi za jana hata paka huzinusa akaondoka. Kwa hiyo ukiulizwa kama tamthilia irudi, uliza kwanza ilikuwa chakula gani.

Njia nne, vipimo vinne

Njia ya kwanza ni kurudi: msimu mpya, watu wale wale, nyumba ile ile. Ya pili ni filamu, saa mbili za kukutana tena na kuagana. Ya tatu ni kurithisha, yaani wakati unasogezwa na hadithi inashikwa na kizazi kingine. Ya nne ni kuiacha ilivyo, na mwenye hamu aanze upya sehemu ya kwanza.

Zote nne nitazipima kwa mambo yale yale. Hadithi: kuna kitu kilichobaki cha kusimulia? Watu: waigizaji wapo, na umri wao unaruhusu? Kalenda: miaka inayofuata kwenye historia inaibeba hadithi au inaiua? Na mfuko: muda wako na bando lako. Kalenda nitakaa nayo zaidi, maana tamthilia ya mapenzi ya siku hizi haiulizwi mwaka, ila ya kihistoria inaulizwa kila ukurasa wa hati yake.

Hadithi

Downton ilianza Aprili 1912, habari za Titanic zikifika nyumbani: warithi wawili wa jumba wamezama. Swali likawa moja tu. Nani atarithi, maana bwana mwenye nyumba ana mabinti watatu na sheria ya urithi wao haimtambui binti? Mtu wa Kilimanjaro hahitaji kuelezwa zaidi. Badilisha jumba liwe kihamba, shamba la ukoo, badilisha binti mkubwa, Lady Mary, awe shangazi yako, na kikao cha ukoo unakisikia hadi barabarani. Nadhani ndiyo maana mama mdogo aliwapenda watu hawa ambao hawajui hata kumenya ndizi.

Ila swali hilo lilijibiwa mapema. Mary aliolewa na mrithi, Matthew, akazaa mtoto wa kiume, na siku hiyo hiyo Matthew akafa kwa ajali ya gari. Hiyo ilikuwa Krismasi ya 2012. Misimu mitatu iliyofuata ilitembea kwa mashaka ya huyu na yule, mengine matamu, mengine ya kujazia. Kwa njia ya kurudi, basi, hiki ndicho kipimo kigumu: msimu mzima unahitaji swali kubwa jipya, na salamu hazitoshi. Mama mdogo ana jibu lake, na si la kudharau: "Nyumba yenye wapishi, mabinti na mkwe aliyekuwa dereva, swali litaishaje?"

Filamu haihitaji swali kubwa. Inahitaji tukio, kama harusi: wageni wanakuja, kunatokea purukushani, maturubai yanashushwa. Ya 2019 ilikuwa ugeni wa mfalme. Ya 2022 waliingia wapiga picha za sinema nyumbani huku wengine wakienda kusini mwa Ufaransa kukagua nyumba ya urithi. Ya 2025 ni talaka ya Mary na aibu yake mjini. Kinachopotea ni watu wa jikoni. Kwenye msimu, kijakazi alipewa saa nzima ya kuandika barua moja. Kwenye filamu anapewa sentensi mbili na kucheka.

Kurithisha kunaanza na karata mpya, na hilo ni jema na baya kwa pamoja: hakuna deni la hadithi ya zamani, lakini pia hakuna akiba ya mapenzi. Na kuiacha? Sehemu ya mwisho ya Desemba 2015 ilifunga mafundo karibu yote usiku mmoja wa kuukaribisha mwaka 1926. Edith, mdogo wa Mary aliyekosa bahati misimu yote, akaolewa, na Anna, kijakazi, akajifungua chumbani kwa Mary. Baada ya misimu 6 na sehemu 52, mwisho wa namna ile ni nadra. Hapo mimi ndipo ninaposhikilia.

Zipo tamthilia ambazo kipimo hiki haziogopi kabisa. Call the Midwife ya BBC ni ya wakunga wa mashariki mwa London, na kila sehemu kuna mama mwingine mlangoni. Uzazi hauishi, kwa hiyo hadithi haiishi. Hayo ni maharage.

Watu

Hapa dada yangu huwa mkali. Maggie Smith, yule bibi Violet aliyekuwa akimaliza ubishi wa watu kumi kwa neno moja, alifariki Septemba 2024 akiwa na miaka 89. Waandishi walikuwa wameshamzika Violet kwenye filamu ya 2022. Kwa hiyo anayedai msimu mpya wa Downton ajue anadai Downton isiyo na Violet. Ni kama mtori usio na nyama: unashiba, lakini unauliza.

Vifo vya wahusika vilishaiumiza tamthilia hii mapema. Dan Stevens, aliyemwigiza Matthew, alipoamua kuondoka, Matthew akauawa. Sybil, binti mdogo wa nyumba, alikufa kwa kifafa cha mimba msimu wa tatu, na dada yangu, badala ya kulia kama sisi, alisimama mbele ya televisheni akitueleza kuhusu magnesiamu na presha, akimgombeza yule daktari wa mjini mwenye kiburi. Sehemu ile ninamdai dada, sikuiona vizuri.

Kwingine pia kifo cha mwigizaji kiliingilia. Helen McCrory alifariki Aprili 2021, na msimu wa mwisho wa Peaky Blinders, tamthilia ya genge la Waingereza, wa 2022 ukaanza kwa kumzika Polly aliyekuwa akiigizwa naye. Waliutumia msiba wenyewe kama mafuta ya hadithi. Inawezekana, basi, ila si kila timu ina moyo huo.

Mfano wa kuutazama vizuri zaidi ni Upstairs, Downstairs. Ilirushwa 1971 hadi 1975, sehemu 68, mabwana juu na watumishi chini katika nyumba moja ya London. BBC iliirudisha Desemba 2010, na Jean Marsh, mmoja wa wanawake wawili walioibuni, akarudi kama Rose, aliyekuwa kijakazi, miaka 35 baadaye. Wazo zuri. Kisha akapatwa na kiharusi, akaonekana kidogo tu msimu wa pili. Mwenzake waliyeibuni pamoja, Eileen Atkins, akaondoka. Sehemu 9, ikaisha. Kosa lake lingine lilikuwa majira: Downton ilikuwa imeanza Septemba ya mwaka ule ule, na watu walikuwa wameshaketi kwenye meza ya jirani.

Unaweza kubadili waigizaji ukabaki na wahusika. The Crown, tamthilia ya familia ya kifalme ya Uingereza, ilimpa Malkia Elizabeth sura tatu, kila moja misimu miwili, na watu wakazoea kwa sababu iliahidiwa hivyo tangu mwanzo. Kwenye tamthilia ya Kituruki tuliyoizoea Azam kwa jina la Sultan, mwigizaji wa Hürrem, mke wa Sultan Suleiman, Meryem Uzerli, aliondoka mwaka 2013 na nafasi yake ikashikwa na mwanamke mwingine. Na sisi tunaosikiliza Kiswahili tuna shida yetu ya ziada: kwetu mhusika ni wawili, sura na sauti. Sura ikirudi na sauti ikabadilika, nyumbani kwetu mtu hajarudi. Shemeji aliwahi kumkataa mhusika mzima wiki mbili kwa sababu "siye huyu, huyu anaongea kama mtangazaji wa mpira".

Kwa kipimo hiki filamu ina nafuu: waigizaji waliotawanyika huweza kukusanywa kwa miezi michache, si kwa mkataba wa miaka. Kurithisha kunaruhusu vijana, na wazee wawili watatu wa kuwapa baraka. Kuiacha hakumzeeshi mtu.

Kalenda

Kila tamthilia ya kihistoria ina nauli ya kulipa kwa mwaka inaoelekea. Downton ilitumia misimu 6 kutoka 1912 hadi mwisho wa 1925, na filamu zikaifikisha 1930. Msimu wa pili ulikuwa wa Vita Kuu, jumba likigeuzwa mahali pa kuuguzia majeruhi. Humo wanazungumza kuhusu 1916 na matope ya Ufaransa. Huku kwetu Machi ya mwaka huo Waingereza waliingia Moshi na Mjerumani akarudi nyuma. Vita ilikuwa moja. Msimu wa sita ni wa 1925, bwana anawaza jinsi ya kupunguza watumishi, na mwaka huo huo wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao, KNPA, ambacho mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika. Nikitazama msimu huo, wakinywa kahawa baada ya chakula cha usiku, huwa nasitisha picha nikajiuliza imetoka mlima gani. Mama mdogo ananiambia niache siasa.

Mbele ya 1930 kuna nini? Mdororo wa uchumi. Desemba 1936 mfalme Edward wa Nane anaacha kiti. Septemba 1939 vita tena. Baadaye kodi za mirathi zinazovunja majumba ya aina hiyo, mengine yakibomolewa kabisa. Kwa njia ya kurudi na watu wale wale, miaka hii ni mizito: Lord Grantham, bwana mwenye jumba, atakuwa mzee sana, watumishi watapungua mmoja mmoja, na utamu wa jumba ulikuwa ndio huo wingi wa watu. Ukiisogeza polepole, mwaka mmoja kila msimu, unaweza kuiba misimu miwili mitatu kabla giza halijaingia.

Kwa njia ya kurithisha, miaka hiyo hiyo ni dhahabu. Mtoto wa Matthew, George, alizaliwa 1921. Mwaka 1939 ana miaka 18. Huna haja ya kubuni swali. Kalenda imekuandikia: mrithi pekee wa jumba ana umri wa kuvaa kombati. Hapo, na nakiri kwa shingo upande, shemeji ana hoja.

Hoja yake anaipata kwa Waturuki. Diriliş: Ertuğrul ilikwenda 2014 hadi 2019, sehemu 150, kisha ikaja Kuruluş: Osman ya mtoto wake, karne ya 13 ikisogea kuelekea ya 14. Ukoo unahama, hema linahama, sura zinabadilika, na mtazamaji anafuata upanga. Sultan nayo ilifungwa na historia yenyewe: Suleiman alifariki 1566, hakuna mwandishi wa kumfufua. Waliotaka zaidi walipewa Kösem kuanzia 2015, mwanamke wa karne iliyofuata, kwenye kasri lile lile. Wengi walimpenda, wengine hawakumsamehe kwa kutokuwa Hürrem.

Ukitaka kuona kalenda inavyoweza kumkataza mtu, tazama Poldark, tamthilia nyingine ya Kiingereza, ya 2015 hadi 2019. Vitabu vyake ni 12; tamthilia ilitumia vile saba vya mwanzo, na cha nane kinaruka takriban miaka kumi mbele. Kurudi mara moja kungewalazimu vijana wale wapakwe mvi. Wakaacha. Anayeitaka irudi, hamu yake ina nafasi, lakini asubiri waigizaji wazeeke kwa haki.

Call the Midwife ndiyo inayoishi vizuri na kalenda. Ilianza Januari 2012 ikisimulia mwaka 1957, wakati Tanganyika bado ina gavana, na inasogea karibu mwaka mmoja kila msimu. Msimu wa 14, wa 2025, uko 1970, mwaka mmoja kabla hospitali ya KCMC haijafunguliwa hapa kwetu. Watu wanazeeka kama waigizaji wanavyozeeka. Dada yangu na wenzake wa zamu wanaijadili kama ripoti ya wodi.

Kuna njia ya tano ambayo haikuwa kwenye orodha, na shemeji huileta kila mbege ikipanda: badala ya kuomba ya watu irudi, miaka ile ile isimuliwe ya huku. Chama cha kahawa, walimu wa misheni, mangi na wakoloni, reli ikifika Moshi. Sina cha kupinga isipokuwa kwamba nguo, magari na majengo ya zamani yanagharimu. Lakini nikisema hivyo ananionyesha nyumba za Old Moshi na kuniuliza majengo gani tena ninayotaka.

Mfuko

Fupi. Ertuğrul kwa asili yake ni sehemu 150 za takriban saa mbili kila moja, yaani saa 300. Hiyo ni ndoa. Sehemu 52 za Downton ni kwaresima nzima na ziada ukitazama moja kila usiku na umeme usikatike. Filamu ni jioni moja, na kama mnachangia bando watu sita haimuumizi mtu. Msimu mpya unadai pia uwe na king'amuzi au huduma inayouonyesha, wiki baada ya wiki, na mara nyingi unatufikia baada ya mitandao kumaliza kuusimulia. Kuiacha ni bure, hasa kama ulishaihifadhi.

Ukiwa hivi, shika hivi

Kama ulichokipenda ni watu, sauti zao na mazoea yao, filamu inakufaa kuliko msimu. Utawaona wote chumba kimoja, utacheka, na hawatakuwa na muda wa kuharibika. Wagonjwa, wazee na wenye watoto wadogo wasioweza kuahidi wiki kumi wamo kundi hili.

Kama ulichokipenda ni jikoni, yaani mambo madogo, barua, wivu wa vijakazi, basi dai msimu, filamu haitakushibisha. Ila kabla hujadai pima mambo mawili: mwandishi wa awali bado yupo kazini, na nguzo za hadithi bado zinasimama. Moja likikosekana, kumbuka zile sehemu 9 za Upstairs, Downstairs.

Kama ulipenda zama zenyewe, vita, mavazi, mfalme anayeanguka, kilimo kinachobadilika, kurithisha kunakufaa wewe. Jipe sehemu tano kabla ya kuwakataa wageni. Kösem alihitaji zaidi ya hizo kwa watu niliowasikia saluni pale Majengo, na leo wanasuka nywele kwa mtindo wake.

Kama ulilia kwa mwisho na ukaridhika, iache. Usijilazimishe kutazama muendelezo kwa sababu kila mtu anautazama. Anza tena Aprili 1912. Utaona mambo ambayo mara ya kwanza yalikupita kwa sababu ulikuwa na haraka ya kujua nani anaoa nani.

Kama hujawahi kuitazama kabisa na unaulizwa upande wako, huna upande bado. Tazama msimu wa kwanza, sehemu 7 tu, kisha uje tubishane.

Na kama nyumba yenu ina wote hawa kwa rimoti moja, sisi tumefikia hivi: Jumapili ya kwanza ya mwezi ni ya mama mdogo, tunarudia msimu. Ya pili ni filamu ya dada. Ya tatu ni ya shemeji na Osman wake, sauti juu, majirani wanajua. Ya nne televisheni inazimwa, na hiyo ni yangu. Mwezi wenye Jumapili tano bado tunagombana.